Harusi ya Viroba Sitini

Sehemu ya Tisa: Ngumi ya Baba Mdogo

Ile ngumi ya Boaz iko hewani tangu wiki iliyopita, na sasa imeanza kutoa jasho. Tuifungue kabla mwenyewe hajashikwa na ganzi.

Mnakumbuka tulipokuwa. Tinde, sebuleni kwa Mzee Magesa, baba yake Limi, Jumapili mchana. Padri ametoka kusoma tangazo la tatu na la mwisho la ndoa ya Limi na Maganga. Harusi ni Jumamosi. Boaz, baba mdogo wa Maganga na mwenyekiti wa kamati ya harusi, kashuka kwenye pikipiki kutoka machimboni Mwakitolyo, vumbi mpaka kwenye nyusi, kainua ngumi juu na kusema, "Sherehe nzima imo humu!"

Akaifungua.

Ndani kulikuwa na kikaratasi cha pakiti ya sigara, kimekunjwa mara nne. Limi, bibi harusi mwenyewe, alikikunjua. Akainama. Akakipeleka dirishani kwenye mwanga.

"Baba mdogo, iko wapi?"

"Si hiyo hapo!"

"Hii? Mimi nilidhani ni makombo ya andazi."

Davis, katibu wa kamati na rafiki wa Maganga tangu darasa la kwanza, mtu asiyeweza kunyamaza hata msibani, akachungulia juu ya bega la Limi. "Hiyo inatosha kuziba jino moja," akasema. "Tena la nyuma, lisiloonekana."

"Gramu mbili nukta nane za dhahabu," alisema Boaz, kwa sauti ya mtu mwenye kilo mbili.

Kwa nyie ambao mmekuwa mkiutumia ukurasa huu kufungia vitumbua na leo ndiyo mmeamua kuusoma, nawapa kisa kwa pumzi moja. Kamati ya Maganga haikuchangisha fedha. Ilichangisha mawe. Wajumbe wote ni wachimbaji wa Mwakitolyo, kwa hiyo kila mmoja aliahidi viroba vya mawe ya dhahabu, vikafika sitini. Kisha kamati ikakadiria kwa macho, kabla jiwe moja halijaingia kwenye karasha kusagwa, kwamba kila kiroba kitatoa laki tatu. Kwa nini laki tatu? Kwa sababu mwaka juzi kuna mtu alipata laki tatu kwenye kiroba. Mtu mmoja. Kiroba kimoja.

Sitini mara laki tatu ni milioni kumi na nane. Bajeti ikaandikwa, ikapigiwa makofi, ikafungwa kwa sala.

Leo mawe yamesagwa, yameoshwa, na milioni kumi na nane zimelala kwenye kikaratasi cha sigara.

Davis alibonyeza simu yake. "Ukitoa gharama za karasha na za waoshaji, inabaki kama laki tano."

"Na bajeti ni milioni kumi na nane," alisema Limi.

"Tunaikaribia, shemeji."

"Mayu wee!" Sauti hiyo ilitoka mlango wa jikoni. Ni Philomena, mama yake Limi, mwiko mkononi.

Maganga mwenyewe, bwana harusi, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, uso kaugeuzia ukutani. Msimhukumu. Mkwe wa Kisukuma aliyelelewa vizuri hamkodolei macho mama mkwe wake, na sebule ya Mzee Magesa ni ndogo. Mahali pekee salama pa kutazama palikuwa kalenda ya duka la pembejeo. Tangu asubuhi Maganga alikuwa akizungumza na kalenda.

"Tusogeze mbele," aliiambia kalenda. "Mwezi mmoja tu. Duara letu limebakiza mita mbili tuufikie mwamba wa dhahabu."

Limi akakikunja kile kikaratasi upya.

Mita mbili! Harusi ilikuwa iwe baada ya Pasaka, ikasogezwa kwa sababu shimo lilikuwa limebakiza mita mbili. Ikawekwa mwezi wa nane, ikasogezwa kwa sababu ya mita mbili zile zile. Kama Maganga angekuwa amezichimba kweli mita zote alizoahidi, sasa hivi angekuwa ameshatokea upande wa pili wa dunia anaulizwa pasipoti.

Na safari hii kulikuwa na jambo jingine. Mzee Magesa, ambaye muda huu alikuwa zizini akiwatazama ng'ombe kumi na wawili wa mahari, kazi anayoifanya mara nne kwa siku tangu walipofika, alishatamka mbele ya wazee wa pande zote mbili: tarehe ikisogezwa mara ya tatu, ng'ombe wanarudi kwao mpaka pembe ya mwisho, na binti anabaki. Mzee Magesa si mtu wa kutamka mara mbili.

Kwa hiyo kwa Limi ilikuwa Jumamosi hii, au basi tena. Na alimtaka Maganga. Alimtaka tangu siku alipogundua kwamba ile suruali anayomletea kwenye kibanda chake cha kushonea kila wiki aitie kiraka, Maganga alikuwa anaipasua mwenyewe kwa makusudi.

"Davis," alisema, "nipe hilo kaunta buku la bajeti."

Boaz akajitutumua. "Mkwe, bajeti ni ya kamati."

"Na harusi ni ya nani, baba mdogo?"

Kaunta buku likapita kimya kimya kutoka mkono hadi mkono.

Limi alilifungua ukurasa wa michango. "Kabla sijaanza. Davis, wewe mchango wako ulikuwa nini?"

"Viroba vitano, shemeji. Sikubaki nyuma."

"Vya mawe gani?"

Davis akaanza kukagua kamba za viatu vyake.

"Davis!"

"Ya juu juu."

"Ya juu juu ndiyo yapi?"

"Kifusi," alisema Davis, taratibu. "Yaani ule udongo tunaoutoa ili tuyafikie mawe yenyewe."

Sebule ikaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Boaz, na hilo ndilo lililomponza.

"Na wewe, baba mdogo?"

"Mimi ni mwenyekiti."

"Mwenyekiti alitoa mawe gani?"

"Viroba vizuri vilikuwa viwili," alisema Boaz.

"Kati ya?"

"Kumi." Akaona macho yote yamemgeukia, akainua mikono. "Sasa mwanangu, hebu kuwa mkweli! Nani anachukua jiwe lake zuri analipeleka harusini? Jiwe zuri lina ada ya shule ndani. Mimi nilijua wenzangu ndio watatoa mazuri."

"Hata mimi nilijua hivyo," alisema Davis.

Ndivyo walivyojua wote. Kila mjumbe alileta taka akiamini dhahabu ataileta mwenzake, kisha wakakaa pamoja wakazipigia taka zao hesabu ya milioni kumi na nane. Limi alitaka kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Kisha akachukua kalamu.

Wanawake wa Tinde wanaomjua Limi kibandani kwake watawaambia: binti huyu ni fundi cherehani, na ukimpelekea mita mbili za kitambaa ukataka gauni la mkia, hakupigi porojo. Anakuonyesha utepe wa kupimia, anakwambia hapa inatoka sketi, shangazi, tena sketi nzuri, chukua au acha.

"Tuna kiasi gani mkononi, ukiacha ndoto?" aliuliza.

Walikusanya. Akiba ya Maganga, akiba ya Limi ya cherehani, na yale makombo ya kwenye kikaratasi. Jumla, milioni mbili na laki tatu.

"Hii ndiyo mita mbili yetu ya kweli," alisema Limi. "Sasa tukate. Kukodi eskaveta, laki nane. Hii ya nini?"

Davis akachangamka. "Hapo ndipo penyewe, shemeji! Bwana na bibi harusi mnaingia ukumbini mmekaa kwenye ndoo yake ya kuchotea. Inawainua juuu, muziki unalia, droni inapiga picha..."

"Na gauni jeupe?"

"Tungeiosha ile ndoo."

Kalamu ikapita. Eskaveta kwaheri. Droni ikaifuata, na keki ya ngazi saba ikashuka ngazi sita kwa mkupuo.

"Ukumbi wa Shinyanga mjini, watu mia sita. Watu mia sita tunawajua wapi? Hapa uani wanakaa mia na ishirini, tukikopa mabenchi ya kanisa. Kata. Mshereheshaji kutoka Mwanza. Davis, wewe unalipwa kunyamaza au unaweza kusema bure?"

"Bure, shemeji! Nipe kipaza sauti tu!"

"Haya. Suti kumi na mbili za wanakamati, rangi ya dhahabu."

Boaz akajipapasa mabega.

"Yangu nimeshapimwa," alisema Boaz, kinyonge.

"Na fundi gani?"

"Wa Kahama. Kule Buzwagi."

Limi akaweka kalamu chini. Hili lilimwuma kuliko mamilioni yote. "Baba mdogo! Mkweo ni fundi, unapanda gari kwenda kupimwa Kahama?"

"Nilitaka iwe mshtukizo."

"Nimeshtuka. Kata." Kisha akasoma mstari uliofuata, akausoma tena, taratibu. "Vikao vya kamati. Milioni moja na laki mbili. Hii imeshatumika?"

"Vilikuwa vikao kumi na kimoja," alisema Davis. "Vizito."

"Mlikula mbuzi wangapi?"

"Hatukuhesabu. Tulikuwa tunajadili."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Maganga aliiacha kalenda. Aligeuka mzima mzima. "Si hela yangu hiyo niliyoiweka kianzio?"

"Bwana harusi, hata wewe ulikula," alisema Boaz.

"Nilikula mara moja! Tena nilipewa shingo!"

"Kuanzia dakika hii," alisema Limi, "kamati imevunjwa. Davis, andika."

Davis aliandika. Boaz alibaki na mdomo wazi kama mtu aliyeshushwa kwenye basi kabla ya kituo chake.

Mambo yakaanza kunyooka, na mimi msimulizi wenu nilikuwa naanza kuvaa viatu nikale ubwabwa, Maganga alipokohoa na kurudi kwenye kalenda yake.

"Kalenda hii inauliza," alisema kwa adabu zote. "Upande wetu umekatwa mpaka mfupa. Upande wa bibi harusi je? Mbona nasikia kuna sendofu ya watu mia nne Alhamisi?"

Kutoka mlango wa jikoni mwiko uligonga sufuria. Ngaa!

"Sufuria yangu," alisema Philomena, naye akichunga heshima ya kutomsemesha mkwe moja kwa moja, "hebu mjibu huyo anayeuliza. Mwambie sendofu haiguswi. Miaka kumi na mmoja natunza mabinti wa wenzangu. Vitenge nimetoa, mabeseni nimetoa, nimecheza mpaka goti likaingia maji. Zamu yangu imefika. Mwambie!"

"Kalenda inasema pole sana kwa goti," alisema Maganga. "Lakini inauliza pia kuhusu gauni. Kuna gauni limeagizwa Mwanza la kukodi, laki sita, mkia mita nne."

Sasa ikawa zamu ya Limi kukagua viatu.

"Nani kakwambia?"

"Uliiacha risiti ya oda yenye jina lako kwenye mfuko, ukaniletea mfuko huo huo na suruali yangu ndani."

Haya, Limi. Ulishika kalamu vizuri ulipokuwa unawakata wengine. Fundi mzima, mwenye kibanda chake, unakodi gauni la kushonwa na mwingine! Boaz alikuwa mtu wa kwanza kuchekelea. "Mimi wa Kahama," alisema, "yeye wa Mwanza. Nani zaidi?"

Limi alilipenda lile gauni. Alikuwa ameliona kwenye simu, akalala nalo kichwani miezi mitatu. Alitazama kalamu. Akaitazama kalenda, na mgongo wa Maganga mbele yake. Mgongo ule haukuwa na ubishi. Ulikuwa mgongo wa mtu anayengoja kusikia kama atachekwa peke yake au watachekwa wawili.

Akalikata. Mstari mmoja, mrefu, kama mkia wenyewe.

"Nina satini kibandani, mita tatu na nusu," alisema. "Nitashona mwenyewe, Ijumaa litakuwa tayari. Mkia halina. Atakayetaka mkia aende zizini."

Kisha akaenda jikoni, akamshika mama yake mkono wenye mwiko.

"Mama, wale wote uliowatunza miaka kumi na mmoja, waje Jumamosi. Siku moja, uwanja mmoja, sufuria za pamoja. Aliyeahidi mchele alete mchele, aliyeahidi michembe ya viazi na karanga alete. Na wewe utatunzwa hapo hapo, mbele ya watu wote."

Philomena alifikiri. "Mbele ya wakwe?"

"Mbele ya wakwe."

"Na Mama Amira atakuwepo?"

Mama Amira ni mwenye duka la vitenge pale barabarani. Alimwoza binti yake mwaka jana na mpaka leo bado anaisimulia harusi hiyo.

"Atakaa benchi la mbele."

"Basi," alisema Philomena, "mwambie huyo mwenye kalenda sufuria imekubali."

Davis alijumlisha, akarudia, akapiga meza. "Milioni mbili na laki mbili! Jamani, inabaki laki moja!"

"Tuitishe kikao tuijadili," alisema Boaz.

"Hapana!" Walisema wote, hata jikoni.

Maganga aliinuka kwenye kigoda. Akamgeukia Limi, na safari hii hakujali nani yuko mlangoni. "Sikuogopa harusi ndogo," alisema. "Niliogopa watu wa Tinde waseme Limi kaolewa na mtu asiye na kitu."

"Waseme. Nitawashonea nguo zao huku wakisema, na watalipa."

"Jumamosi?"

"Jumamosi."

"Basi naoa Jumamosi, hata duara litapike dhahabu."

Philomena akapiga kigelegele, Davis akampokea kwa kile cha kiume kinachofanana na mlio wa mbuzi, na hata Boaz, mwenyekiti mstaafu wa dakika kumi na tano, akaanza kucheza mabega. Ningeweza kuishia hapa, tukaonana kwenye ubwabwa.

Lakini pikipiki iliingia uani kwa kasi, kuku wakatawanyika.

Alikuwa Mwigulu, mwenye hisa pamoja na Maganga kwenye lile duara. Tope mpaka shingoni. Taa ya kichwani bado inawaka, na jua lilikuwa la saa nane mchana.

"Maganga! Simu umezima ya nini?" Hakungoja kiti. "Mwamba umeonekana!"

"Acha mzaha," alisema Maganga.

"Mzaha? Nimeupiga nyundo mwenyewe! Unaonekana kwa macho, ndugu yangu, bila kusaga! Wamekuja wazee wa Mwakitolyo kuuangalia, wametoka wamevua kofia! Wiki nzima hii tunapandisha mawe. Tunagawana Jumamosi. Saa nne."

Saa nne asubuhi. Ndiyo saa ya misa ya ndoa.

Msiokaa machimboni niwaeleze. Siku ya mgawo kila mwenye hisa anasimama mwenyewe pembeni ya fungu lake, anaona kwa macho yake kiroba kikifungwa. Asiyekuwepo anapewa kilichobaki, na kinachobaki kwa kawaida ni salamu.

"Atume mtu amsimamie," alisema Philomena, akisahau kabisa kupitia kwenye sufuria.

Watu wakamtazama Davis. Davis akarudi nyuma hatua mbili. "Msinitazame mimi. Mimi ndiye msimamizi wake kanisani. Halafu si tumetoka kuongea mambo ya kifusi hapa hapa?"

Wakamtazama Boaz. Wakaacha.

"Wasogeze mgawo Jumatatu," alisema Boaz.

"Wenye hisa kumi na saba, nani atakubali mawe yale yalale usiku mbili zaidi?" Mwigulu alifuta jasho, akajipaka tope zaidi. "Maganga, mimi nimekuja kwa sababu wewe ni mwenzangu. Uwepo au usiwepo, Jumamosi saa nne viroba vinafungwa."

Maganga aliitazama kalenda, safari hii kwa kuitazama kweli. Aliweka kidole juu ya Jumamosi. Miaka minne alishuka kwenye shimo lile kwa kamba. Miaka minne ya mita mbili.

Kidole kikateleza hadi Jumatatu. Kisha kikarudi.

"Nimeshasema," alisema. "Jumamosi naoa. Wagawane."

Boaz akakaa chini kama gunia lililokatwa kamba. Mwigulu akazima taa ya kichwani. Philomena alishika shavu lake kwa mkono wenye mwiko, akajipaka mchuzi, asijali.

Na Limi? Hili ndilo neno alilolingoja miezi saba. Alitakiwa alie. Alitakiwa amrukie shingoni mtu wake, mahari ing'ang'anie zizini, hadithi iishe kwa amani.

Badala yake aliona kitu kikipita mbele ya macho yake, cheupe, kinang'aa, kirefu mita nne. Nyuma yake zikapita taa za ukumbi wa mjini, keki ikipanda ngazi zake moja moja, na Mama Amira kwenye benchi la mbele, mdomo umefungwa kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima.

Kaunta buku lilikuwa bado limefunguka kwenye magoti yake. Kalamu ilikuwa bado mkononi.

Limi alimgeukia Mwigulu, na wa kwanza kushtushwa na sauti iliyotoka kinywani mwake alikuwa yeye mwenyewe.

"Shemeji," aliuliza, "umesema vinafungwa viroba vingapi?"